Mbuke Masele Hakulewa

"Fungua kinywa, mama. Mpumulie."

Aliyetoa amri hiyo alikuwa meneja wa hoteli, mwanamume wa makamo aitwaye Eustace, na aliitoa asubuhi kweupe, mbele ya wageni waliojilaza kwenye vitanda vya kuotea jua katika ufukwe mmoja wa mashariki ya Unguja. Aliyeamriwa kufungua kinywa alikuwa Mbuke Masele, mjane wa miaka sitini na ushei, mkazi wa Masumbwe wilayani Mbogwe, ambaye tone la pombe halijapita kooni mwake tangu siku alipomzika mumewe. Aliyetakiwa kunusa alikuwa mlinzi wa hoteli, kijana aitwaye Deusdedit, ambaye kwa umri angeweza kuwa kitindamimba wake.

Kijana alisogea, akainamisha uso. Alimnusa kabla ya kumwamkia.

Mbuke alipumua. Si kwa sababu alikubali, bali kwa sababu hakuwa ameelewa bado anachofanyiwa. Nguo zake zilikuwa zimelowa hadi magotini, mchanga umemganda viganjani, na beseni lake la plastiki lilikuwa mikononi mwa mlinzi mwingine kama kitu kilichokamatwa kwa jambazi. Karibu na kaunta ya vinywaji, msichana wa mapokezi alikuwa ameinua simu yake na anarekodi huku anatabasamu.

"Hanuki pombe, bosi," Deusdedit alisema. "Ananuka chai. Chai ya tangawizi."

"Basi amekunywa kisichonuka," Eustace akajibu. "Hiyo mikono huioni? Mtu mzima na akili zake anatetemeka hivyo saa tatu asubuhi?"

Hapo ndipo uovu wenyewe ulipo, na yafaa usemwe bila kupambwa. Ushahidi ulitafutwa, ukapatikana, ukamtoa mwanamke yule hatiani. Kisha aliyeutafuta akautupa kwa kuwa haukumpa jibu alilolitaka. Mikono ya Mbuke ilikuwa inatetemeka, ndiyo. Ilikuwa inatetemeka mwaka juzi, na mwaka wa nyuma yake, na itatetemeka kesho. Kuna mahali ilikoanzia kuwa hivyo, na huko hakuna vitanda vya kuotea jua.

Mbuke alizaliwa katika familia ya wafugaji, akaolewa na mchimbaji aitwaye Masele, akahamia naye kwenye machimbo ya dhahabu yaliyouzunguka mji wa Masumbwe. Wanaume walishuka kwenye maduara, yaani yale mashimo marefu wanayofuata humo mwamba wenye dhahabu. Wanawake walibaki juu, kwenye mwalo, mahali pa kuoshea mchanga wa mawe yaliyosagwa. Mbuke alikaa kwenye mwalo huo zaidi ya nusu ya umri wake. Aliinama juu ya karai lenye matope, akazungusha maji hadi mchanga mwepesi umwagike na ule mzito ubaki chini, kisha akatia zebaki na kuichanganya kwa mikono mitupu, kwa kuwa zebaki hukumbatia dhahabu na kuibeba. Donge lililopatikana lilichomwa juu ya makaa. Zebaki ilipaa kwa moshi, dhahabu ikabaki. Moshi ule aliuvuta yeye, na dhahabu ile ilivaliwa na wengine.

Hakuna aliyemwambia kuwa ni sumu. Wauza zebaki hawakusema. Wanunuzi wa dhahabu, waliokuja na mizani yao kila jioni, hawakusema. Mikono ilipoanza kumcheza hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, ndipo muuguzi wa kituo cha afya alipomweleza kwamba zebaki imemwingia mwilini na haitatoka yote. "Ungevaa glavu, mama," muuguzi alisema. Glavu yenyewe hakuwa amewahi kuiona kwa macho.

Mumewe aliondoka kwa njia nyingine. Masele alikuwa mtu wa gongo. Usiku mmoja alitoka kilabuni akiwa hajui mashariki wala magharibi, akatumbukia kwenye duara lililoachwa bila kufukiwa. Mbuke alipomzika alijiapiza mambo mawili. Kwamba pombe haitamgusa, na kwamba hataivumilia mahali anapofanya kazi. Alipochaguliwa kuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa mwaloni, kanuni ya kwanza aliyoisimamia ilikuwa hiyo: mwanamke akionekana amelewa karibu na moto wa zebaki, atakaa nje ya mwalo mwezi mzima. Aliisimamia bila kutazama uso wa mtu. Alimweka nje Mageni, rafiki yake wa siku nyingi, na Mageni hakusema naye hadi msimu wa mvua ulipoingia.

Huyo ndiye mtu aliyeambiwa ampumulie mlinzi.

Safari ya Unguja ilikuwa wazo la mwanawe, Januari, mwenye hisa katika duara moja pale Masumbwe. Duara hilo lilipotema, kama wachimbaji wasemavyo siku mwamba unapotoa dhahabu, vijana wenzake walikimbilia pikipiki na muziki mkubwa. Januari alikwenda kwa mama yake.

"Mama, sema unachotaka. Leo sema tu."

Mbuke alifikiri kwa muda mrefu hata Januari akadhani ameona haya kuomba.

"Nataka kuosha mikono kwenye maji ambayo hayajawahi kukutana na zebaki," alisema.

"Hayo hapa hayapo. Labda bahari."

"Basi nipeleke huko."

Binti yake, Loveness, mwalimu wa shule ya msingi huko Ushetu, aliomba ruhusa, akaungana nao Kahama. Watatu hao walipanda basi hadi Dar es Salaam, kisha boti hadi Unguja, Mbuke akiwa ameshikilia ukingo wa kiti chake kwa mikono yote miwili na kukataa kutazama dirishani. Walifikia kwa Bi Kudra, mama wa makamo aliyepangisha vyumba viwili nyuma ya nyumba yake katika kijiji cha wakulima wa mwani. Bi Kudra alimpokea Mbuke kama ndugu aliyepotea, akamvua kiatu mwenyewe alipoona vidole havimtii, na hakuuliza kwa nini.

"Bahari hiyo hapo, dada'angu. Ni hatua mbili tu. Lakini mie nikwambie ukweli, siku hizi kuna kamba," alisema walipokuwa wanakunywa chai asubuhi iliyofuata.

"Kamba ya nini?" Januari akauliza.

"Ya hoteli. Wameichomekea vigingi kutoka ukutani kwao hadi majini. Sie tunaolima mwani tulipita hapo tangu enzi za mama zetu. Sasa tunazunguka hadi kule kwenye mikoko, na mwani umetuelemea vichwani. Kaeni upande huu wa kamba, hawatawasemesha."

Walikaa upande huu wa kamba. Hilo lisisahauliwe. Walitandika kanga, wakaweka beseni la plastiki lililobeba mihogo na chapati, wakala. Mbuke aliingia majini hadi magotini, akaitumbukiza mikono yake, akakaa hivyo. Loveness alimwona mama yake akitikisika mabega, akataka kumfuata, Januari akamshika. "Mwache," alisema. "Anaongea na maji yake."

Kisha bahari ikaanza kuondoka.

Watu wa Masumbwe hawajui kupwa na kujaa. Maji yao ni ya mabwawa na ya maduara. Huingia mvua inyeshapo, na hutoka kwa jambo moja tu.

"Nani amewasha pampu huko?" Januari aliuliza, akiwa amesimama na mikono kiunoni, akitazama maji yakirudi nyuma na kuacha mchanga mtupu unaometa.

Loveness alicheka hadi akakaa chini. Mbuke naye alicheka, na Loveness anasema hakumbuki mara ya mwisho kumsikia mama yake akicheka kwa sauti. Mama huyo alichukua beseni lililokwisha kuliwa chakula, akalisuuza, akayafuata maji yalikokwenda. Alichuchumaa pale mawimbi madogo yalipokuwa yanafikia, akachota mchanga, akachota maji, akaanza kulizungusha beseni polepole, kushoto, kulia, kushoto, mdomo wa beseni umeinama kidogo kumwaga uchafu.

"Mama," Loveness aliita, "huku hakuna dhahabu."

"Najua, mwanangu. Ni mikono ndiyo haijui."

"Una leseni ya uchimbaji ya huku lakini?" Januari akamtania. "Maana nisije nikalipishwa faini mimi."

"Wewe kaa kimya, uwe kibarua wangu. Mchanga wenyewe mwepesi kama unga. Haukai. Yaani hata ungekuwa na kitu, ungekimbia nacho."

Akaendelea kuyafuata maji, kila yaliporudi nyuma naye akasogea, akizungusha, akimwaga, akicheka peke yake. Kamba ya hoteli ilifika pale maji yalipokuwa yanakomea alfajiri. Mbele ya kigingi cha mwisho palikuwa na mchanga mbichi tu, usio na alama, mchanga ambao saa chache kabla ulikuwa chini ya bahari na saa chache baadaye ungerudi kuwa chini ya bahari. Mbuke alipita mbele ya kigingi hicho akiwa ameinama. Hakuvuka kamba. Hapakuwa na kamba ya kuvuka.

Hilo ndilo kosa lake lote. Ndipo walinzi wawili walipomjia, mmoja akamnyang'anya beseni, mwingine akamshika mkono, na mkono ukamtetemeka ndani ya mkono wa mlinzi. Ndipo meneja alipotoka kwenye kivuli chake na kutoa amri ya kupumua.

Walimpeleka kwenye kibanda cha walinzi kando ya geti la nyuma. Januari na Loveness walikuja mbio, viatu mkononi.

"Mama yenu amekutwa anachota mchanga katika eneo la hoteli akiwa amelewa," Eustace alisema. Alikuwa mtu wa bara kama wao, tena alijua kusema kwa adabu pale alipotaka. "Mchanga hauchotwi ovyo kisiwani, nadhani mnalifahamu hilo. Ningeweza kuita polisi. Lakini mimi ni binadamu. Atasimama hapo, aseme mbele ya kamera kwamba alikuwa amelewa na anaomba radhi kwa kuwasumbua wageni wetu, kisha mwende zenu."

"Mama yangu hanywi," Januari alisema.

"Mikono yake inasema vingine."

"Mikono yake ina zebaki," Loveness alisema. "Unajua zebaki? Ni sumu ya machimboni. Amefanya kazi nayo miaka yote."

Eustace alimtazama Mbuke kwa namna ya mtu anayetazama gari bovu lililoegeshwa mbele ya duka lake. "Basi ndiyo vizuri zaidi akae mbali na wageni," alisema. "Boti yenu ya kurudi ni lini?"

"Leo alasiri," Januari alijibu, na mara akajutia kujibu.

"Hapo sasa. Maneno mawili tu, muwahi boti yenu."

Meneja alitoka nje akawaacha. Deusdedit alibaki mlangoni, amewapa mgongo. Kibandani palikuwa na joto la bati na harufu ya mafuta ya taa. Januari alichuchumaa mbele ya mama yake.

"Mama, nisikilize. Sema tu. Ni maneno. Tunatoka hapa, tunapanda boti, hakuna anayetujua huku."

"Nani hatujui?"

"Hawa watu. Hawatujui. Hatutawaona tena."

"Mimi ninajijua," Mbuke alisema.

"Loveness, mwambie."

Loveness alikuwa mwalimu, na kila siku aliwaambia watoto waseme kweli. Hata hivyo alisema, kwa sauti ya chini, "Mama, wakiita polisi tutalala ndani. Na dawa zako ziko kwa Bi Kudra."

Mbuke aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Baba yenu alikufa kwa nini?"

Loveness alitazama sakafu.

"Nimeuliza. Januari, wewe ndiye uliyemtoa shimoni. Alikufa kwa nini?"

"Kwa pombe, mama."

"Na mimi nimewaambia wanawake wangapi watoke kwenye moto kwa sababu ya pombe? Nimemtoa Mageni na watoto wake wananiangalia. Leo nisimame mbele ya simu ya mtu niseme nilikuwa nimelewa, ili niwahi boti. Halafu nikirudi mwaloni nimtoe nani? Nyie watoto wangu mnanitaka nirudi huko na uso gani?"

Januari aliinuka, akapiga ngumi ukuta wa bati. Alikuwa amemkasirikia mama yake kwa dakika nzima, na hilo hataki kulificha. Kisha hasira ikajua pa kwenda.

Deusdedit aligeuka. Alikuwa amesikia yote, pamoja na maneno machache ya Kisukuma yaliyokuwa yamemtoka Mbuke katikati ya Kiswahili.

"Mayu," alisema kwa sauti ya kunong'ona, kwa neno la Kisukuma la kumwita mama. "Mimi wa Ushetu. Wazee wangu wanalima tumbaku huko. Unisamehe, mayu. Shikamoo."

Mbuke hakuitikia.

"Ulinusa nini?" alimuuliza.

"Chai."

"Basi usiniombe msamaha humu ndani, mtu hakusikii. Toka ukaseme huko nje kwa sauti."

Kijana aliinama. Hakutoka. Alichukua kipande cha boksi la sigara, akaandika namba yake ya simu, akamwekea Loveness kiganjani kama mtu anayelipa deni lisilolipika kwa njia hiyo.

Aliyewatoa hakuwa polisi wala huruma ya meneja. Bi Kudra alipopata habari aliwakusanya wakulima wenzake wa mwani, wakaja na matenga yao mabichi vichwani, wakayashusha mbele ya geti, wakakaa juu yake. Hawakupiga kelele. Walikaa tu, mwani ukivuja maji kwenye njia ya mawe meupe ambayo wageni hupitia kwenda kula chakula cha mchana, na harufu yake ikapanda. Alasiri ilipokaribia, Eustace mwenyewe alifungua kibanda.

"Nendeni," alisema. "Na msirudi."

"Beseni langu," Mbuke alisema.

Alirudishiwa beseni. Hakurudishiwa kitu kingine chochote. Boti ya alasiri iliondoka bila wao, na usiku ule Bi Kudra alikataa malipo ya chumba, akamkanda Mbuke mikono kwa mafuta ya nazi, akilaani kwa upole, mtu mmoja mmoja, ukoo mzima wa waliochomeka vigingi vile.

Wangeweza kuyaacha hapo. Watu wengi huyaacha hapo, na ndiyo maana kamba kama zile husimama. Lakini hoteli haikuwaachia nafasi hiyo. Kabla basi lao halijafika Kahama, picha zilizorekodiwa na msichana wa mapokezi zilikuwa zimewekwa kwenye ukurasa wa hoteli mtandaoni, zikiwa na muziki wa kuchekesha na maneno makubwa: bibi wa bara amelewa chakari, atafuta dhahabu ufukweni. Sauti ya Deusdedit ikisema "hanuki pombe" ilikuwa imekatwa. Ilibaki mikono tu, mikono inayotetemeka, imerudiwarudiwa mara nyingi ili watu wacheke vizuri.

Nani aliikata sauti ile? Aliyeikata aliisikia kwanza. Alijua anachokificha. Huu haukuwa mzaha uliopotoka bahati mbaya. Ulikuwa uongo uliotengenezwa na mtu aliyekaa kwenye kiti, akatazama, akachagua cha kubakiza na cha kutupa.

Masumbwe yote ilikuwa imekwisha kuziona. Wavulana wa kwenye karasha, zile mashine za kusagia mawe, walikuwa wanasalimiana kwa kutetemesha viganja. Mbuke aliposhuka basi, mtu mmoja alimwita "mama konyagi" kutoka kwenye kundi, na kundi likagawanyika pande mbili asimwone ni nani.

Kesho yake alikwenda mwaloni, Loveness pembeni yake. Hakusubiri aitwe. Wanawake walikuwa wamekwisha kukaa, na katibu wao, Ghati, mwanamke wa Tarime asiyejua kuzungusha maneno, alikuwa amesimama.

"Mama Januari, karibu ukae," Ghati alisema. "Sisi tumeona. Sitaki kusema kwa mafumbo. Ulikunywa au hukunywa? Sema, tukutetee."

"Sikunywa."

"Kila mtu uliyemtoa wewe alisema hivyohivyo." Sauti ilitoka nyuma. Alikuwa Mageni, amekaa juu ya karai lililopinduliwa. "Mimi nilisema sikunywa, nikaambiwa ninanuka. Mwenyekiti, na wewe utakaa nje mwezi mzima, au kanuni ina wenyewe?"

Mageni hakuwa mbaya. Alikuwa na haki ya kuuliza, na Mbuke alijua kwamba ana haki hiyo. Huo ndio mwiba ambao Eustace aliuchoma bila hata kujua unafika wapi. Kile alichokiita maneno mawili kilikuwa kimeufikia moto wa zebaki, mahali ambapo kanuni moja tu ndiyo iliyokuwa inawazuia wanawake kuungua na kufa. Mwenyekiti akikalia kiti chake huku anadhaniwa mlevi, kanuni imekufa. Akikiachia kwa uongo, imekufa pia.

"Mageni, wewe ulinuswa na mimi," Mbuke alisema. "Mimi nilinuswa na mlinzi. Basi tumuulize aliyeninusa. Akisema pombe, naondoka leo, na kiti mchukue. Loveness, piga."

Loveness aliiweka simu juu ya ndoo, ikaita kwa sauti ya wote kusikia.

"Shikamoo, mayu," Deusdedit alisema baada ya kusikia ni nani.

"Marahaba. Nipo na wanawake wa mwalo wetu. Wanataka kujua ulinusa nini."

Nyuma yake bahari ilikuwa inasikika, na mtu anaburuta kiti.

"Wanasikia sasa hivi?"

"Wanasikia."

"Mayu, hapa kazi ni ya kuomba. Nyumbani wananitegemea. Ukinitaja..."

"Sijakuuliza wanaokutegemea. Na mimi nina wanaonitegemea, wamekaa hapa kwenye matope. Ulinusa nini?"

Ghati alikuwa ameinama juu ya ndoo kama mtu anayesikiliza kisima.

"Chai ya tangawizi," Deusdedit alisema. "Hukuwa umelewa. Nilimwambia bosi mbele ya watu wote. Wameikata hiyo sehemu, mimi nimeiona." Akasita. "Basi na wajue tu."

Simu ilikatika. Mageni alisimama, akajipangusa vumbi kwenye kitenge chake, akamsogelea Mbuke, akalipindua lile karai alilokuwa amelikalia na kumpa.

"Mimi nimesikia," alisema. "Nani mwingine hajasikia?"

Wanawake walianza kuongea wote kwa pamoja, kila mmoja na hasira yake. Mmoja alisema twende kwa wakili, mwingine akasema twende Unguja wote na makarai yetu. Ghati aliwanyamazisha. Alidhani mambo yamekwisha, na alisema hivyo: mwenyekiti amesafishwa, kazi iendelee.

"Nimesafishwa hapa," Mbuke alisema. "Kule bado ninacheza muziki wao. Ghati, una simu ya kurekodi?"

"Ninayo."

"Nishikie vizuri. Usikate kitu."

Alivua kanga mabegani akaifunga kiunoni. Alisimama mbele ya makarai, katikati ya matope ya rangi ya kutu, akainua mikono yake yote miwili usawa wa kifua na kuiacha itetemeke, bila kuishikilia, bila kuificha kwenye nguo kama alivyozoea kuificha kanisani na sokoni. Aliiacha hivyo hadi kila mtu aliyekuwapo akawa ameitazama. Kisha akasema:

"Jina langu Mbuke Masele, wa Masumbwe. Mikono hii ni ya zebaki. Ilichanganya dhahabu ambayo labda wageni wako wameivaa hapo ulipo, Eustace. Sikulewa, na wewe ulijua, kwa sababu uliambiwa nikiwa nimesimama mbele yako. Kwa hiyo sikuombi. Ninakudai. Toa uongo huo ulioweka. Halafu weka hapohapo, kwa jina lako na kwa uso wako, kwamba mama yule hakuwa amelewa na hakuiba mchanga wa mtu, na sauti ya yule kijana uirudishe jinsi ilivyokuwa. Na usimguse kazini kwa kuwa amesema kweli. Na wewe mwenye hoteli, ambaye sikukuona wala hukuniona, kamba ile ni yako. Kawaulize akina Kudra walipita wapi kabla yako, kisha uing'oe, kigingi kwa kigingi, wapite na mwani wao. Na ninyi mnaolipwa kuzilinda fukwe za nchi hii kwa niaba yetu, nendeni mkaitazame kamba hiyo kwa macho yenu, mtuambie hadharani ni nani kati yenu aliyeiruhusu. Msiniletee pole. Leteni jibu."